Kipimo cha Kitu Chema

Watu wengi huvigawa vitu vya dunia mafungu mawili. Fungu moja huliita jema, na jingine baya. Kisha hudhani kwamba kazi ya akili imekwisha. Asali ni njema, sumu ni mbaya; maji ni mema, moto ni mbaya. Lakini maji hayo hayo yamezamisha majahazi, na moto huo huo umepika chakula cha kila nyumba tangu zamani za mababu. Hapa kwetu Kenya bodi ya serikali inayosimamia dawa huitwa Bodi ya Famasia na Sumu. Waliochagua jina hilo waliziweka dawa na sumu chini ya paa moja, wala hawakukosea. Maana mara nyingi hivyo si vitu viwili, bali ni kitu kimoja katika vipimo viwili.

Nataka tufikiri pamoja, msomaji kijana, juu ya swali ambalo kwa kulitazama ni dogo: je, yampasa mtu kumeza vidonge vya vitamini? Huenda ukasema kwamba hilo ni swali la daktari, halina mahali katika kitabu cha insha. Nusu yake ni la daktari, nakubali. Nusu ya pili ni letu sote, kwa sababu ndani yake limejificha swali la kale: kama kitu ni chema, je, chaweza kuwa chema kwa kila mtu na kwa kila kiasi? Na anayetoa kitu chema kwa nia safi, je, amekwisha kutimiza wajibu wake?

Tembea katika soko la Machakos wakati wa msimu, utaona maembe yaliyopangwa mafungu mafungu, mapapai, viazi vitamu, mbaazi mbichi, na majani ya kunde yaliyofungwa kwa kamba. Vuka barabara, na katika dirisha la duka la dawa utaona chupa zenye picha za machungwa na za vijana wenye misuli. Chupa hizo hazisemi uongo wa wazi. Hunong'ona tu. Huahidi nguvu, akili nyepesi, ngozi nyororo na damu tele, nazo hujua kuchagua msikilizaji. Katika miaka yangu ya ualimu nimeona kwamba vidonge hivi huingia katika mabweni zaidi katika muhula wa mitihani. Mvulana anayetaka kuingia katika timu ya mpira humeza viwili badala ya kimoja. Msichana aliyeambiwa na rafiki zake kwamba amepauka hukopa vitatu kutoka kwa jirani wa kitanda. Hakuna aonaye haya, kwa kuwa hakuna adhaniye kwamba ametenda jambo. Amekula chakula kidogo kilichofinyangwa kikawa kidonge. Kuna nini hapo?

Kuna historia ndefu hapo, na baadhi yake imepita katika pwani yetu wenyewe. Wareno wa Vasco da Gama walipokuwa wakirudi kutoka India mwishoni mwa mwaka 1498, walivuka bahari kwa muda wa karibu miezi mitatu bila ya kula kitu kibichi. Ufizi wao ulivimba hata ukafunika meno, miguu ikavimba, na watu wapatao thelathini wakafa njiani. Walipotia nanga Malindi Januari 1499, jambo moja walilolitamani wagonjwa lilikuwa machungwa, na nahodha wao aliagiza yaletwe. Matunda yaliletwa, lakini wengine walikuwa wamekwisha kudhoofika mno, wakafa pale pale Malindi. Ugonjwa ule ni kiseyeye, na sababu yake ni kukosa vitamini C. Ilipita miaka karibu 250 kabla ya daktari wa merikebu za Uingereza, James Lind, kuwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, mwaka 1747, akawagawa wawili wawili na kuwapa kila jozi dawa yake. Waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wenzao. Jina lenyewe la vitamini lilitungwa mwaka 1912 na Casimir Funk, mwanasayansi wa Kipolandi aliyekuwa akifanya kazi London.

Tazama vizuri kilichogunduliwa. Haikugunduliwa kwamba chungwa humpa nguvu mtu mwenye nguvu. Iligunduliwa kwamba kukosa kitu fulani, hata kwa kiasi kidogo sana, huua. Na kukirudisha humponya yule aliyekikosa. Vitamini zote zilijulikana kwa njia hiyo, kwa kutazama mahali palipopunguka. Hapo ndipo fikira za wanadamu zilipopotea njia. Kutoka katika neno la kweli, kwamba upungufu huua, waliruka hadi neno lisilotoka humo, kwamba wingi huhuisha. Ni sawa na mtu aliyeona mche ukinyauka kwa kiu, akaunywesha ukasimama. Kisha akaamua kwamba ukitiwa pipa zima kila asubuhi utazaa mara kumi.

Mruko huo haukufanywa na wajinga peke yao. Wenye elimu waliona kwamba watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi hawapatwi sana na saratani ya mapafu. Wakakisia kwamba siri imo katika ile rangi ya manjano iliyomo katika karoti, maembe na mapapai, iitwayo beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Huko Ufini, katika miaka ya 1980, walikusanywa wanaume 29,133 wavutaji wa sigara, baadhi yao wakapewa vidonge vya beta-karotini kila siku kwa miaka mitano hadi minane. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, yaliwashangaza wote: waliomeza vidonge walipatwa na saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Uchunguzi kama huo uliokuwa ukiendelea Marekani ulisimamishwa mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Embe halikuwa na kosa. Hadi leo hakuna aliyekatazwa embe. Lakini embe ni vitu vingi vilivyokaa pamoja kwa kiasi, na kidonge ni kitu kimoja kilichotengwa na jamaa zake na kuzidishwa.

Waweza kusema kwamba hao walikuwa wazee wa Ulaya wenye mapafu yaliyochoka kwa moshi, wewe yanakuhusu nini? Basi njoo karibu, kisiwani Pemba. Nakuomba tukae hapa kitambo, kwa sababu kisa hiki nakiona kizito kuliko vyote nilivyokutajia.

Watoto wengi wa Pemba walikuwa na upungufu wa damu, na damu haiwezi kujengwa bila ya madini ya chuma. Chuma si vitamini, lakini hukaa nayo katika chupa moja na huuzwa kwa ahadi zile zile. Kwa hiyo ilionekana kuwa jambo la huruma na la akili kuwapa watoto wadogo chuma pamoja na asidi ya foliki kila siku. Wataalamu waliokwenda huko hawakuwa wachuuzi. Walikuwa watu wa elimu na nia njema, na kipimo walichotumia kilikuwa kidogo. Walichukua watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35. Wengine walipewa chuma na asidi ya foliki, wengine wakaongezewa na zinki, na wengine wakapewa kidonge kisicho na kitu cha kuponya ndani yake, ili pawe na kulinganisha, kama alivyofanya Lind merikebuni. Na kabla ya kuanza, waliweka kamati ya watu wengine ya kuangalia hesabu, nayo ilikuwa na uwezo wa kusema: acheni.

Agosti 2003 kamati hiyo ilisema waache kuwapa watoto chuma. Hesabu ya watoto wapatao 24,000 ilikuwa imeonyesha kwamba waliopewa chuma na asidi ya foliki walikufa au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mkali zaidi kuliko wenzao, kwa asilimia 12. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2006. Pemba ilikuwa na malaria nyingi wakati huo, na inaelezwa kwamba vijidudu vya maradhi nao huhitaji chuma kama sisi. Ukimwongezea mtoto asiyepungukiwa, huenda ukawa umemlisha adui yake. Uchunguzi uliofanana na huo ulifanywa Nepal, mahali pasipo na malaria kama ya Pemba, na hapo madhara hayo hayakuonekana. Na hata huko Pemba kwenyewe, katika kundi la watoto waliopimwa damu, wale waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma na wa damu walifaidika nacho. Ni kidonge kimoja, katika kisiwa kimoja, mwezi mmoja. Kikamsaidia mtoto wa nyumba hii na kumdhuru wa nyumba ya pili. Tofauti yao haikuwamo katika kidonge. Ilikuwamo katika damu yao, mahali ambapo jicho la mama haliwezi kufika bila ya kipimo.

Nimekifikiria kisa hiki mara nyingi, na kila mara nimejikuta nikiwaheshimu zaidi watu wale. Ni rahisi kuwalaumu. Lakini laiti wangaligawa chuma kwa moyo mweupe bila ya kuhesabu, kama wafanyavyo wengi, watoto wangaliendelea kudhurika na wagawaji wangaliendelea kushukuriwa. Upendo wao uliweka mlinzi dhidi ya matumaini yake wenyewe, na mlinzi aliposema, ulinyamaza ukasikiliza. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilibadili maagizo yake, na siku hizi linataka kwamba panapo malaria, chuma kwa watoto kiandamane na kinga na matibabu ya malaria.

Sasa usije ukaondoka hapa ukiwa adui wa vidonge. Huo ni mruko mwingine, nao hauna akili kuliko ule wa kwanza. Nimewasikia watu wazima wakisema kwamba babu zetu walikula isyo na muthokoi, wakalima vilima vya Ukambani wala hawakumeza kitu. Ni kweli kwamba mahindi yaliyopikwa na maharagwe au mbaazi, na mboga ya kunde kando yake, ni chakula cha kuheshimiwa. Lakini babu zetu pia walizika watoto wengi, na hakuna aliyewahesabia waliokufa kwa kupungukiwa na kitu ambacho hakikuwa na jina. Leo mtoto wa Kenya wa kuanzia miezi sita hadi asitimize miaka mitano hupewa vitamini A kila baada ya miezi sita, kwa sababu upungufu wake hupofusha macho na kuufungulia mwili maradhi. Mama mja mzito hupewa kidonge chenye miligramu 60 za chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki kila siku, na asidi ile humkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo, hasa mama akiianza kabla ya kuchukua mimba. Mwenye ugonjwa wa selimundu mara nyingi huandikiwa asidi ya foliki. Ila chuma asimeze kwa kukisia, maana huenda mwilini mwake kimekwisha kuwa kingi. Wasichana hupoteza damu kila mwezi, kwa hiyo katika nchi zenye upungufu mwingi wa damu Shirika la Afya Duniani limeshauri wapewe chuma kwa mpango. Atakayemwambia mmoja wa hao kwamba vidonge ni upuuzi wa Wazungu, naye ametoa sumu, ingawa mkono wake ni mtupu.

Angalia tena namna hiyo vitamini A inavyotolewa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa kipimo cha 100,000. Aliyetimiza mwaka hupewa 200,000. Na siku ya kupewa huandikwa katika kijitabu cha kliniki. Kwa nini kuandika? Kwa sababu vitamini A, pamoja na D, E na K, huwekwa mwilini, ile A hasa katika ini. Akiba hiyo ndiyo sababu mtoto aweza kungoja miezi sita. Lakini ghala ambalo hupokea bila ya kutoa hujaa likapasuka. Vitamini A ikizidi huumiza kichwa, hudhuru ini na mifupa, na kwa mama mja mzito yaweza kumharibu mtoto aliye tumboni. Vitamini nyingi za kundi B na ile C hazikai sana. Nyingi hutoka na mkojo, na mwenye kumeza C kwa wingi bila ya haja kwa kawaida amenunua mkojo wa ghali. Hata hivyo, kati ya hizo, B6 ikizidishwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu. Kama wewe husoma biolojia, mwulize mwalimu wako akueleze zaidi; mimi nataka tu uone kwamba ule mstari katika kijitabu cha kliniki ni kumbukumbu ya kipimo, ili upendo wa mama usimpeleke mtoto mara mbili katika wiki moja.

Hapa hurejea kwangu methali tunayoitumia vibaya: kinga ni bora kuliko tiba. Mwenye duka huisema, na mnunuzi huona imemaliza mjadala. Lakini kinga ya nini? Askari aliyeshika ngao bila ya kujua mshale unatoka upande gani hakujikinga, amebeba mzigo. Swali la kwanza la mtu mwenye busara kwa hiyo si kama vitamini hii ni nzuri, maana zote ni nzuri. Swali ni: mimi nimepungukiwa na nini, na nimejuaje? Uchovu si jibu. Uchovu wa mwanafunzi aghalabu hutoka katika kulala saa nne usiku kucha na kuacha chai ya asubuhi, na kwa maradhi hayo hakuna chupa. Tena huenda mlo wako umekwisha kuongezewa bila ya habari yako: tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya hutaka unga wa mahindi na wa ngano uuzwao katika pakiti utiwe vitamini na madini. Unga uliosagwa katika mashine ya posho ya kijijini haumo katika hesabu hiyo. Basi watu wawili wa darasa moja waweza kuwa na haja mbili mbalimbali, na ushauri wa mmoja ukawa upotevu wa mwenzake.

Kumbuka pia kwamba chuma hakipendi chai. Chai inywewapo pamoja na mlo huzuia chuma kisiingie mwilini, na tunda chungu kama limau au chungwa hukisaidia. Yule anayemeza kidonge cha chuma kwa kikombe cha chai ya maziwa ameweka fedha katika mfuko uliotoboka.

Nimebakiza jambo moja, ambalo nalihesabu kuwa ndilo la uadilifu hasa. Kumeza mwenyewe na kumpa mwingine si tendo moja. Ukimeza mwenyewe umeamua juu ya mwili wako, na ukikosea, utakayeumia ndiwe uliyechagua. Ukimpa mwenzako wa bwenini vidonge ulivyoandikiwa wewe baada ya kupimwa damu, umemfanyia kazi ya daktari bila ya macho ya daktari. Naye hakukuuliza kwa sababu anakuamini. Imani hiyo ndiyo inayokuongezea wajibu. Na ukipeleka chupa nyumbani Mwala au Masinga, kwa moyo wa kumtunza ndugu yako mdogo, uzito wa jambo umezidi tena, kwa kuwa mtoto hana uwezo hata wa kukataa. Vidonge vya chuma mara nyingi hupakwa sukari na rangi. Mtoto huviona peremende, na akila vingi kwa mara moja vyaweza kumwua. Haitoshi kusema nilitaka mema. Wale wa Pemba pia walitaka mema, nao hawakuridhika na hilo, walihesabu.

Najua kwamba kituo cha afya huenda kiko mbali, foleni ni ndefu, na duka la dawa liko njiani. Ukiingia dukani, basi, tafuta leseni ya Bodi ukutani, kisha mwulize mfamasia maswali ambayo tangazo haliyajibu. Kidonge hiki kina kiasi gani cha kila kitu, na mtu wa umri wangu anahitaji kiasi gani? Je, kinagombana na dawa ninayotumia sasa? Nimeze kwa muda gani, na nitajuaje siku ya kuacha? Akikujibu kwa subira, umepata mtu wa kumrudia. Akikasirika, au akikwambia kwamba hiki hakina madhara hata kidogo kwa mtu yeyote, mrudishie chupa yake na uende ukapimwe damu kwanza. Ni tone moja la kidoleni.